Lugha ya Kigeni Ipewe Kazi: Mwongozo wa Sherehe za Lugha Butembo na Beni

Kabla hujamtuma mtoto dukani kununua karatasi za rangi za kupambia ukumbi, jiulize kwanza: siku hiyo nani atamsemesha nani? Sherehe nyingi za lugha katika miji yetu hukwama papo hapo. Wanafunzi wanapangwa mistari, mmoja anakariri shairi la Kifaransa ambalo hajui linasema nini, wa pili anasoma ukurasa wa Kiingereza huku karatasi ikimtetemeka mkononi, prefe wa shule anatoa hotuba, wazazi wanapiga makofi na kwenda zao. Kutwa nzima hakuna aliyeulizwa swali akajibu. Ukikutana jioni na yule mtoto wa shairi, ukamwamkia kwa Kifaransa kilekile, anacheka na kukimbia.

Nina msimamo mmoja, na ushauri wote ulio hapa chini unatoka ndani yake: lugha ya kigeni husherehekewa kwa kupewa kazi, na kazi yake ni kusemwa na mtu aliye mbele yako. Bendera, vyakula na mavazi ni mambo ya ziada. Watu wa kusema nao Butembo na Beni hawapungui. Tatizo letu ni kwamba hatuwaaliki.

Hesabu watu kwanza

Chukua daftari, kaa na walimu wenzako, wafanyakazi wenzako au majirani, mwandike nani hapa karibu anajua lugha gani na aliipatia wapi. Usiulize nani amesoma lugha. Uliza nani ameishi nayo. Mama anayeuza vitenge sokoni Butembo huenda amefika Guangzhou mara nyingi kuliko mwalimu wa jiografia alivyofika Goma. Wafanyabiashara wa mji huu wamekuwa wakileta mizigo kutoka Dubai, China, Thailand na Indonesia kwa miongo sasa, na wengi walijifunza kupatana bei huko bila darasa wala cheti. Kwenye depo kuna dereva aliyetoka Mombasa na kontena, akapita Nairobi, Kampala na Kasindi. Huyo ana Kiswahili cha pwani na Kiingereza cha barabarani, na siku ya kushusha mzigo anakaa saa nyingi akingoja. Kuna wanafunzi waliosoma Kampala, wakimbizi waliorudi kutoka kambi za Uganda, masista waliosomea Roma, familia za askari zinazosema Kilingala nyumbani. Beni, kwa upande wake, imekaa miaka mingi na ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ambao umeleta watu kutoka Tanzania, Malawi, Afrika Kusini, Nepal na kwingineko.

Orodha hiyo ndiyo itakayochagua lugha za sherehe yako. Kama hamna hata mtu mmoja anayesema Kihispania, achaneni na Kihispania mwaka huu, hata kama picha zake kwenye intaneti zinapendeza.

Utaulizwa mapema: lugha ya kigeni ni ipi hasa? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara yake ya kwanza, inasema Kifaransa ndicho lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Kwa karatasi, basi, Kiswahili na Kilingala si vya kigeni. Lakini mtoto wa miaka sita anayeshuka kutoka kijiji cha upande wa Musienene kuja kuishi kwa shangazi yake Butembo amelala na Kinande, ameamka na Kinande. Kiswahili cha mtaani kinamshinda, na Kifaransa cha darasani ni ukuta. Hata Kiswahili kwetu kiliingia kama mgeni, kwa misafara ya pembe za ndovu na baadaye kwa utawala wa Wabelgiji. Kwa hiyo hesabu kila lugha ambayo mtoto hakuzaliwa nayo, na usimcheke anayeiona ngumu.

Shuleni: fungueni soko

Butembo ni mji wa biashara, na watoto wake wanajua kupatana bei kabla hawajajua kusoma. Tumia hicho. Badala ya jukwaa na vipaza sauti, panga soko la lugha katika uwanja wa shule.

Weka vibanda vitano au sita. Kila kibanda kina lugha yake moja na mtu wake mmoja anayeijua kweli, pamoja na wanafunzi wawili wakubwa wa kumsaidia. Bidhaa ziwe za kweli na za bei ndogo: ndizi, karanga, kalamu, vipande vya sabuni, vifungo. Kila mtoto anapewa pesa za karatasi zilizochorwa darasani. Sheria ni moja tu: kwenye kibanda, mnunuzi atasalimu, ataulizia bei, atalalamika kwamba ni ghali, atalipa na kushukuru kwa lugha ya kibanda hicho. Anayekwama aruhusiwe kutumia mikono na uso, lakini asirudi kwenye Kiswahili. Muuzaji naye asimfukuze mtu. Kazi yake ni kumsaidia mnunuzi mpaka biashara iishe.

Wiki moja kabla, kila darasa lifundishwe maneno ya kutosha sokoni na si zaidi: salamu, hesabu mpaka kumi, kuuliza bei, kusema ghali, kushukuru. Bei kwa Kilingala itaulizwa «Talo boni?», kwa Kiganda «Ssente mmeka?», kwa Kiarabu cha Dubai «Bikam?», kwa Kichina «Duoshao qian?». Mwiteni mfanyabiashara mwenyewe aje kuyafundisha, hata kwa nusu saa, kwa sababu yeye ana mengine ambayo hayamo kitabuni. Atawaambia kwamba Guangzhou bei inaandikwa kwenye kikokotozi, muuzaji anaonyesha, wewe unafuta na kuandika yako, na kinarudishwa mkono kwa mkono mpaka mmoja achoke. Atawaonyesha pia jinsi Wachina wanavyohesabu sita mpaka kumi kwa mkono mmoja: sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vitatu vya kati vimekunjwa. Watoto hawasahau kitu kama hicho. Na yule mama wa vitenge, ambaye huenda aliachia shule njiani, atasimama mbele ya darasa akiitwa mwalimu. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuhalalisha kazi yote.

Mwisho wa soko, msihesabu nani ametamka vizuri. Hesabuni nani amenunua kwenye vibanda vingi. Tuzo ya matamshi humpa ushindi mtoto yuleyule kila mwaka, na kwa kawaida ni mtoto ambaye wazazi wake wanasema Kifaransa nyumbani.

Mchezo wa pili hauhitaji uwanja. Watoto wetu wamekua na filamu zilizotafsiriwa: sauti ya mtu mmoja inayosimulia, inayotania na kuongeza chumvi juu ya filamu ya Marekani au ya India. Uganda walimzoea VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro, Tanzania ilikuwa na marehemu Lufufu. Chukua dakika kumi za filamu yenye vitendo vingi, zima sauti, wape wanafunzi watatu watatu wasimulie: kundi moja kwa Kifaransa, jingine kwa Kiingereza, jingine kwa Kilingala. Simu moja na kompyuta moja zinatosha, na mafuta kidogo ya jenereta endapo umeme utakatika. Aliyeshindwa na neno atalizunguka, na kulizunguka neno ndiko kusema lugha. Walimu wakali watalalamika kwamba sarufi inavunjwa. Inavunjwa kweli. Sarufi ina saa zake nne au tano kila wiki. Siku hii tuiache ipumzike.

Rafiki wa ng'ambo ya mpaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipo na utajiri ambao shule za Kinshasa au Lubumbashi hazina. Ng'ambo ya Kasindi, upande wa Uganda, kuna Mpondwe na Bwera, na mbele kidogo kuna Kasese. Watoto wa huko wanasema Kikonzo, ambacho sisi tunakisikia bila shida kwa sababu ni ndugu wa toka nitoke wa Kinande. Shuleni wanasoma kwa Kiingereza. Watoto wetu wanasema Kinande na wanasoma kwa Kifaransa. Yaani pande mbili zina lugha moja ya nyumbani, na kila upande una lugha ya kigeni ambayo mwenzake anaitafuta.

Tafuta shule moja ya huko. Njia ya haraka ni kupitia parokia, kanisa la Kiprotestanti au mfanyabiashara anayevuka kila wiki. Kubalianeni juu ya darasa moja kwa darasa moja, na simu ya mwalimu mmoja kwa kila upande. Kisha watoto watumiane ujumbe wa sauti. Mtoto wa Butembo anaeleza kwa Kinande jinsi kwao wanavyopika sombe, halafu anarudia sentensi hizohizo kwa Kifaransa. Mtoto wa Bwera anasikiliza, anajibu kwa Kikonzo, kisha kwa Kiingereza. Kwa kuwa kila mmoja ameshaelewa maana kwa lugha ya mama, lugha ya kigeni inamwingia bila mwalimu kusimama katikati na kamusi.

Ujumbe wa kwanza uwe wa majina. Kwetu mtoto wa kiume wa pili anaitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Kwao ni Bwambale, Masereka, Kule na Thembo. Mtoto anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba ng'ambo kuna wenzake wenye jina lake, limegeuzwa kidogo tu mdomoni, atataka kuuliza maswali, na maswali ndiyo tunayoyatafuta. Walimu, msisikilize jumbe zote ili kusahihisha. Sikilizeni za kwanza tu, kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayetaja anwani ya kwao au habari za usalama wa mtaa, halafu waachieni.

Tarehe za kuchagua

Mwaka wa kimataifa umejaa siku za lugha: 18 Desemba ya Kiarabu, 20 Machi ya Kifaransa, 20 Aprili ya Kichina, 23 Aprili ya Kiingereza. Shule ikijaribu kuzishika zote itachoka kabla ya Pasaka. Chagueni mbili.

Ya kwanza, nasisitiza, iwe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. UNESCO iliitangaza mwaka 1999, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2000, kuwakumbuka vijana waliouawa Dhaka tarehe 21 Februari 1952 wakidai lugha yao ya Kibengali itambuliwe. Unaweza kuuliza lugha ya mama inafanya nini katika mwongozo wa lugha za kigeni. Inafanya kazi kubwa. Katika shule nyingi za Afrika, na kwetu pia haikukosekana, kulikuwa na desturi ya kumvika kibao shingoni mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani, mpaka amkamate mwenzake amvike. Mtoto aliyefundishwa kuionea haya lugha ya bibi yake anajifunza Kifaransa kwa hofu, na akiwa mkubwa atanyamaza kila anaposikia mtu anakisema vizuri. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iko upande wetu: inataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia. Basi 21 Februari wazee waje darasani na hadithi za Kinande, watoto wazibebe kuzipeleka kwenye Kifaransa na Kiingereza. Kama shule yako bado ina kibao hicho, kwa jina lolote, sherehe ya kwanza ni kukitia motoni.

Ya pili itakuwa ile ambayo mna wasemaji wake wengi.

Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, ina shida yake. UNESCO iliipitisha Novemba 2021 na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022, siku nne kabla ya Kongo kukamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai. Lakini mapema Julai shule zetu huwa zimefunga au ndiyo zinafunga. Ukiitaka, itie ndani ya siku ya kutangaza matokeo, wazazi wakiwa wamekusanyika tayari, au iache parokia na wafanyabiashara waifanye. Na siku hiyo msimlete Mtanzania aje kutusahihisha. Kiswahili cha Kivu kina sarufi yake na historia yake. Mgeni wa pwani asimulie kwa Kiswahili chake, mzee wa Butembo asimulie kwa chetu, watoto waulizwe wameelewa nini. Wataelewa vyote viwili, na wakisikia neno geni watauliza.

Kazini: mheshimu anayekalimani bila malipo

Ofisi na hospitali zina njia moja ya kusherehekea lugha inayozidi keki na soda: kumtambua mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku bila kuandikwa popote.

Tuna funzo la karibu, nalo liligharimu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulihesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, wengi wao Mangina, Beni, Katwa, Butembo na vijiji vinavyozunguka. Timu ziliingia na lugha nyingi: Kifaransa cha Kinshasa, Kifaransa cha Afrika Magharibi, Kiingereza, Kilingala, Kiswahili kilichoandikwa mbali. Mama aliyeambiwa kwa Kifaransa kwamba mtoto wake anapelekwa kwenye kituo cha matibabu hakusikia matibabu; alisikia kupelekwa. Shirika la Traducteurs sans frontières lilifuatilia jambo hilo na kusisitiza Kiswahili cha hapa na Kinande vitumike. Chuki dhidi ya timu zile ilikuwa na sababu nyingi, za siasa na za fedha, na sitaki kuibebesha lugha mzigo wote. Hata hivyo kila aliyekuwa hapa anajua kwamba neno lililosemwa na mtu wa mtaani, kwa lugha ya mtaani, lilifungua milango ambayo magari yenye nembo hayakuifungua.

Basi kama unaongoza hospitali, kituo cha afya au shirika, fanya hivi. Bandika ukutani, karibu na mahali pa kupokelea wagonjwa, orodha ya wafanyakazi wote na lugha zao, kuanzia daktari mpaka mlinzi na mama wa usafi. Mara nyingi mkalimani halisi wa wodi ni huyo mama wa usafi. Mwite tarehe 30 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, mbele ya wenzake wote, umtaje jina na useme kazi aliyoifanya. Mpe bahasha. Cheti bila bahasha ni dharau ya aina yake. Halafu siku hiyohiyo chukueni saa moja ya kazi: kila idara ieleze maelezo yake matatu yanayoleta utata mwingi, yatafutiwe maneno ya Kinande na Kiswahili ambayo mgonjwa atayaelewa, yaandikwe, yabandikwe. Mwakani mtayakuta yanatumika.

Kwa watu wa biashara lugha ziko kwenye karatasi. Hati za shehena kutoka Mombasa zinakuja kwa Kiingereza. Forodha ya Kongo, DGDA, inataka Kifaransa. Depo inasema Kiswahili. Mkulima aliyeleta kakao au kahawa anasema Kinande, na ndiye anayepunjwa pale karatasi zinaposomwa haraka. Mwenye depo, chora jedwali la maneno thelathini ya kazi yenu katika safu nne, mlijaze pamoja: deklaran wa forodha ajaze Kifaransa, dereva ajaze Kiingereza, wapagazi Kiswahili, wakulima Kinande. Mara moja kwa mwaka fanyeni shindano la kicheko: deklaran asomewe karatasi ya Kiingereza na aieleze kwa Kinande kwa mzee ambaye hajawahi kuiona meli. Mzee ndiye hakimu. Akisema hajaelewa, deklaran ananunua chakula cha wote.

Hakuna haja ya kulipia kozi ya gharama ili kuanza. Beni kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilichofunguliwa mwaka 2007, ambacho kimejenga jina lake juu ya kufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, na vyuo vingine. Wanafunzi wanahitaji nauli na chakula cha mchana. Wewe unahitaji mtu wa kuzungumza na wafanyakazi wako kwa Kiingereza Jumatano saa sita. Patana nao, na uwaambie wasifundishe vitenzi. Waje kula na kuongea.

Nyumbani

Nyumbani mambo yawe mepesi, kwa sababu baba na mama wanarudi wamechoka na mtoto hataki shule ya pili.

Anza na simu. Familia nyingi hapa zina mtu Kampala, Nairobi, Dubai au Ulaya. Mnapompigia Jumapili, kila mtoto amwamkie na amuulize swali moja kwa lugha ya huko aliko. Mjomba wa Kampala atajibu kwa Kiganda, watacheka, mtaendelea na Kinande. Kwa mwaka mzima ni maswali zaidi ya hamsini.

Redio nayo inasaidia kuliko programu nyingi za simu. Radio Okapi imekuwa hewani tangu tarehe 25 Februari 2002, ikitoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Sikilizeni habari kwa Kifaransa, kisha ileile kwa Kiswahili, mtoto aseme ni kipi kilichoongezwa au kuachwa. Watoto wa miaka kumi na zaidi wanaupenda mchezo huu kwa sababu mara nyingine wanamkamata baba akiwa hakuelewa. Nyimbo za Kilingala pia, tunazoziimba tangu utoto bila kujua nusu ya maneno: chagueni mmoja, mtoto aende kwa jirani anayekijua Kilingala amuulize maana ya ubeti mmoja. Aende na heshima, aseme shikamoo au salamu ya nyumba hiyo, na akirudi awafundishe wengine.

Chakula kina nafasi yake, ila kifuate lugha. Mkipika roleksi ya Uganda, mayai ndani ya chapati, anayepika atoe maagizo kwa Kiingereza, na anayekosea amri asile wa kwanza.

Na bibi? Bibi asiwekwe pembeni akitazama wajukuu wakitamba kwa lugha asizozijua. Kila neno jipya la kigeni linaloingia nyumbani jioni, mtoto amwendee bibi amuulize Kinande chake. Pale Kinande kinapokosa neno, kama kwa kikokotozi, bibi aruhusiwe kulibuni. Mabibi ni hodari kwa hilo.

Mahali pa kutumia akili

Miji yetu imeumizwa. Wilaya ya Beni imezika watu wengi tangu Oktoba 2014, na Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Katika hali hiyo lugha humtia mtu mashakani. Kuna mtoto anayesema Kinyarwanda nyumbani na anajua asikiseme uwanjani. Kuna Kilingala ambacho kwa wengine ni wimbo na kwa wengine ni kizuizi cha barabarani usiku. Usimlazimishe mtoto yeyote kusimama kibandani kuwakilisha lugha ambayo inaweza kumletea maneno. Muulize yeye na wazazi wake faraghani, na jibu la hapana lisiulizwe sababu. Lakini akikubali, simama karibu naye kutwa nzima.

Mjulishe shefu wa kartie na meya mapema, kwa maandishi. Malizeni mchana, watoto wafike nyumbani jua likiwa bado liko juu. Msiwaalike watu wenye silaha ndani ya uwanja wa shule, wa jeshi lolote. Kama mnataka Kiswahili cha Tanzania au Kichewa cha Malawi, ombeni mtu asiyevaa sare.

Wageni wa heshima wapunguzwe. Hotuba moja, dakika tano, na mwenye hotuba apite kibandani anunue ndizi kwa lugha asiyoijua kama watoto wote. Atakayekataa hilo hakuja kwa ajili ya lugha.

Ukiwa na nguvu za kufanya jambo moja tu mwaka huu, mwalimu, mganga, mwenye depo au mzazi, andika ile orodha ya watu na lugha zao, kisha mwendee mmoja wao kabla ya mwisho wa Januari umwombe nusu saa ya tarehe 21 Februari. Usiende mikono mitupu: beba daftari, na ujue jina lake.